Mama Breki na Skrubu Zilizotiwa Gundi

Kesho Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa chumba cha kusokota atazima taa ya meza yake na kutoka. Atakuwa ameitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Katika muda wote huo ameugua siku kumi na moja tu, na anazikumbuka zote, kwa kuwa kila aliporudi alikuta mtu amegusa kitu alichokataza kisiguswe.

Ofisi imeomba wasifu mfupi, mchangamfu, wa kusomwa kabla ya keki kukatwa. Uchangamfu upo. Ufupi tutajaribu. Lakini msomaji ajue mapema kwamba haya yanaandikwa Alhamisi asubuhi, na mpaka saa hii mstaafu wetu hajatia saini fomu ya makabidhiano. Funguo za kabati la vipuri bado zinaning'inia kiunoni mwake. Amesema hazitoki hapo mpaka Chiriku, msokotaji wa mashine namba sita, asafishwe jina lake kwa maandishi. Kwa hiyo tunaandaa sherehe ya kumuaga mtu ambaye hajakubali kuondoka, na walioagiza keki ndio hao hao waliomfanya asikubali.

Tuanze na mambo mema, maana ni mengi.

Aliajiriwa kama msokotaji wa kawaida, enzi za magurudumu ya mbao ya kukanyaga kwa mguu. Mguu ndio uliokuwa mota. Ukichoka, gurudumu linachoka. Ukikasirika, uzi unakasirika. Mwaka wa nne akawa anayatengeneza mwenyewe magurudumu ya wenzake, kwa sababu fundi wa wakati huo alikuwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa, nayo ni nyundo. Mwaka wa saba fundi huyo akaondoka na nyundo yake, na hakuna aliyeuliza nani atachukua nafasi.

Miaka kumi na tisa iliyopita zikaja mashine tisa za umeme. Kila moja ni ndogo, inakaa mezani, ukubwa wake kama sanduku la viatu. Kulikuwa na hotuba. Tuliambiwa kwamba kuanzia siku ile kazi ya mkono imekwisha. Nyaya zikachomekwa, swichi zikabonyezwa, na ndani ya robo saa uzi wa mashine tano ulikuwa umekatika vipande na wa zile nne zilizobaki umejikunjakunja kama mkia wa nguruwe. Wageni wakapiga makofi hata hivyo. Walikuwa wameshapiga makofi kwa ajili ya hotuba, ikawa vigumu kuacha.

Umeme hausokoti uzi. Sentensi hiyo ingefaa kuandikwa ukutani kwenye ofisi ya kila mtu anayetoa amri kuhusu mashine ambayo hajawahi kukaa mbele yake. Umeme unazungusha, basi. Mota inavuta mkanda, mkanda unazungusha uma wa chuma, na uma huo unauzungusha uzi pamoja nao. Kila uma unapozunguka mara moja, uzi unapata msokoto mmoja. Sufu yenyewe inatolewa na vidole vya msokotaji. Uma ukizunguka mara mia tisa kwa dakika na vidole vikatoa mita tatu, kila mita inapata misokoto mia tatu. Vidole vikitoa mita mbili, misokoto inakuwa mia nne na hamsini. Spidi ni ile ile, uzi ni mwingine kabisa. Swichi ya spidi inaamua nusu ya jambo, na nusu iliyobaki ina kucha.

Halafu kuna mvuto, na hapa ndipo mstaafu wetu alipopatia jina la Mama Breki. Bobini inayopokea uzi inakaa katikati ya uma, imelegea kwenye chuma chake. Ikiachwa huru itazunguka pamoja na uma na uzi hautaingia ng'o. Kinachoizuia ni breki: kamba nyembamba iliyopita juu ya bobini, springi upande mmoja, skrubu upande wa pili. Breki inaichelewesha bobini kidogo, na kwa sababu ya kuchelewa huko uzi unavutwa ndani na kujizungushia. Ukikaza skrubu mno, uzi unanyakuliwa kabla haujasokoteka vizuri, unatoka dhaifu na kuachana. Ukilegeza mno, uzi unasimama mlangoni ukiendelea kusokotwa mpaka unajikunja.

Yeyote anaweza kulielewa hilo kwa siku moja. Jambo la pili lilimchukua Mama Breki siku tatu, akiwa amekaa mbele ya mashine namba mbili, chakula cha mchana kikipoa pembeni. Aliona kwamba breki iliyovuta vizuri asubuhi inavuta kivivu mchana, na hakuna mtu aliyeigusa. Kilichobadilika ni unene wa bobini. Uzi ukijaa, unavutwa kutoka mbali na katikati, na huko mbali nguvu ndogo tu inatosha kuishinda breki. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma mlango karibu na bawaba, kisha akausukuma kwenye kitasa, anaijua tofauti hiyo mkononi mwake. Kwa hiyo bobini ikinenepa, breki lazima ikazwe. Kidogo kidogo, siku nzima, na mtu anayeutazama uzi.

Akatunga kipimo. Bobini ikijaa robo, kaza skrubu kiasi cha upana wa ukucha wa kidole gumba. Ikijaa nusu, ukucha mwingine. Robo tatu, mwingine. Kisha vuta uzi wa urefu wa mkono, ukunje mara mbili, uache uning'inie, uhesabu umejizungusha mara ngapi. Ukizidi, ukucha. Kwa miaka kumi na minane chumba cha kusokota kiliendeshwa kwa neno hilo. Alikuwa akipita nyuma ya viti akisema "Ukucha!" na mikono tisa inanyooka kwa pamoja.

Aliwahi kuja msokotaji mgeni mwenye kucha ndefu za kubandika, zinazong'aa kama vijiko. Akauliza kwa adabu, "Mama, ukucha upi sasa, huu au wa chini yake?"

"Ule uliozaliwa nao, mwanangu," akajibiwa. "Huo mwingine utuwekee kwa ajili ya harusi."

Na Chiriku, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haujui kituo, alikuwa na zamu yake ya kuchokozwa kila asubuhi.

"Chiriku, mdomo naona umekaza. Breki je?"

"Breki nimekaza, Mama. Mdomo nimeulegeza, ndiyo maana unausikia."

Nyumbani hali ni ile ile. Mume wake ni seremala, mtu mpole, na amekiri mbele ya watu kwamba kamba ya kuanikia nguo kwao inakazwa upya kila nguo inapoongezwa. Siku moja alijaribu kupinga. "Mke wangu, hata shuka nayo ina vipimo?" Akaambiwa, "Baba watoto, ikigusa udongo utaifua wewe?" Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayekaza.

Orodha ya aliyoyafanya ni ndefu na ofisi inayo. Mashine zote tisa zingali hai. Wasokotaji arobaini na wawili wamepita mikononi mwake. Kamba za breki zilizokuja na mashine zilikuwa za nailoni, zinateleza zikipata joto. Akazitupa, akaweka za pamba alizozipaka nta ya mshumaa, na hakuna aliyeziona nailoni tena. Mota ya namba nane aliifungua mara tatu kwenye meza hiyo hiyo anayolia chakula. Kama wasifu huu ungeishia hapa, tungekata keki.

Haukuishia hapo, kwa sababu mwaka jana karakana iliamua kusaidiwa.

Meneja wetu, ambaye ana miaka miwili kwenye kiti chake, aliona kwamba mashine tisa zina skrubu tisa zilizokazwa namna tisa. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Akamleta mtaalamu kijana, mwenye kompyuta na kifaa cha kuhesabu misokoto, na kabla ya wiki kwisha chumba kizima kilikuwa kinamwita Bwana Grafu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia, aliokota sufu iliyoanguka, na aliandika kila kitu. Ila alipima asubuhi tu, dakika kumi za mwanzo za kila zamu, kwa kuwa saa tatu alikuwa na kikao na Meneja cha kumweleza alichopima.

Asubuhi bobini ni tupu.

Msomaji ameshaelewa. Meneja hakuelewa, na Bwana Grafu hakuulizwa. Alichora mstari mzuri ulionyooka. Akashauri spidi ya mia tisa kwa mashine zote na breki kwenye alama moja, ili, kwa maneno ya ripoti, "kuondoa tofauti za kibinadamu." Tumezoea maneno ya namna hii kiasi kwamba hayatushtui tena. Anayekaa mbele ya mashine saa nane anaitwa tofauti. Anayekuja dakika kumi anaitwa kipimo.

Mama Breki alieleza habari ya ukucha. Bwana Grafu akauliza, bila ubaya, "Ukucha wa nani, Mama?"

"Wa anayefanya kazi, baba. Lete kiti uje na wako."

Hakuleta kiti. Jumatatu iliyofuata skrubu zote tisa zilipigwa mstari wa rangi nyeupe na kutiwa gundi. Swichi za spidi zikafunikwa vifuniko vya plastiki. Amri ikabandikwa mlangoni: bobini ijazwe mpaka ukingoni, isibadilishwe kabla, asiyefuata atachukuliwa hatua. Mama Breki aliandika barua tatu kwa ofisi ndani ya miezi miwili. Majibu yalikuwa matatu na yalifanana mpaka nukta: maoni yako yamepokelewa. Yalipokelewa na nani, yakapelekwa wapi, yakala nini huko, hatujui.

Sasa inabidi kusema jambo ambalo wasokotaji wenzetu wangependa tulipite kimya, na wameturuhusu kulisema. Wasokotaji wanane kati ya tisa hawakuitii amri ile. Waliona uzi unaanza kujikunja bobini inapopita nusu, na kwa kuwa hawakuweza kugusa breki, walibadilisha bobini mapema, kimyakimya, nyuma ya mgongo wa kamera ya ukutani na Meneja. Uzi wao ukabaki mzuri. Mama Breki aliwaona. Alikuwa akigeuka dirishani kutazama hali ya hewa, hata siku ambazo hakukuwa na hali ya hewa yoyote.

Chiriku peke yake alitii. Alisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, akafanya ilivyosema, akajaza bobini mpaka ukingoni kila siku kwa miezi miwili. Ana miaka kumi na mmoja kazini na hajawahi kupata hata onyo la mdomo. Aliogopa.

Uzi wa namba sita ukaenda chumba cha kufuma, ukafanywa sweta za wanafunzi wa shule moja ya msingi. Zilipendeza zikiwa kabatini. Uzi uliosokotwa kupita kiasi una kinyongo: unataka kujifungua, na nafasi yake inakuja siku ya kwanza ya kufuliwa. Sweta arobaini na sita zilirudi. Mshono uliopaswa kushuka ubavuni ulikuwa umetembea mpaka kwenye kitovu. Nyingine mgongo ulikuwa sawa, mkono mmoja umejinyonga kama nguo iliyokamuliwa na mtu mwenye hasira. Mwalimu mkuu aliandika barua fupi: watoto wetu wamenyooka, tafadhali angalieni sweta.

Ofisi ikafuata namba za mashine kwenye vifurushi vya uzi, ikafika mashine ya sita, ikasimama hapo. Chiriku akapewa barua ya uzembe, na tarehe ya kikao cha nidhamu ambacho kingeamua kama abaki au afukuzwe. Alinyamaza siku sita. Wanaofanya kazi chumba kile wanasema ilikuwa kama saa ya ukutani imesimama. Kila mtu alikuwa akiinua kichwa kuona kuna nini. Wenzake wanane nao walinyamaza, kwa aibu, kwa kuwa kumtetea kulimaanisha kujitaja.

Kikao kilikaa Jumanne ya wiki iliyopita. Walikuwepo Meneja, ofisa utumishi, Bwana Grafu, Chiriku mwenyewe, na aliyeandika haya kwa niaba ya wafanyakazi. Mama Breki aliitwa kama shahidi, akiwa na siku nane za kazi zilizobaki. Wengi kwenye nafasi yake wangetoa ushahidi wa adabu na kwenda kuhesabu siku.

Hoja ya ofisi ilikuwa fupi. Mashine tisa zimewekwa sawasawa, spidi moja, breki moja. Kilichotofautiana ni mkono. Kwa hiyo mkono ndio mkosaji. Chiriku alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, kama mtu anayeizuia isikimbie.

Mama Breki aliingia na mashine namba sita kwapani. Mkono wa pili ulibeba mkebe wa nati na bobini mbili, moja tupu na moja iliyojaa mpaka ukingoni. Akaiweka mashine juu ya makaratasi ya Meneja.

"Soketi iko pale," akasema Meneja.

"Sihitaji umeme, Bosi. Leo hazunguki mtu."

Akaweka bobini tupu, akaipitishia breki yake yenye gundi, akaufunga uma kwa kitambaa usitikisike. Uzi akauning'iniza ukingoni mwa meza, na mwisho wake akafunga ndoano ya waya. Kisha akamgeukia Bwana Grafu. "Njoo, baba. Wewe ndiye mwenye kupima. Tundika nati moja moja mpaka bobini iachie."

Bwana Grafu akapiga goti, akatundika. Ofisa utumishi akahesabu kwa sauti, bila kuombwa. Kwenye nati ya kumi na nne bobini ikaachia na nati zote zikashuka mpaka sakafuni.

"Andika," akasema Mama Breki. Akatoa bobini tupu, akaweka iliyojaa. Skrubu hakuigusa, hata angetaka asingeweza, gundi ya ofisi ni nzuri kuliko barua zake. "Haya, tena."

Moja. Mbili. Tatu. Kwenye nati ya nne bobini ikaachia.

"Ongeza," akasema Meneja.

"Imeshaachia, Bosi. Ukiongeza zitakuangukia kwenye kiatu."

Mama Breki akanyoosha kidole kwenye meza. "Breki ni ile ile. Alama nyeupe ni ile ile. Asubuhi inavuta nati kumi na nne, mchana inavuta nne. Nionyesheni mkono wa Chiriku uko wapi hapo."

Tunapaswa kumtendea haki Bwana Grafu. Alikuwa bado amepiga goti, nati mkononi, na alisema kabla ya mtu yeyote: "Sikupima bobini iliyojaa. Kosa langu." Sentensi kama hiyo ikitamkwa kwenye ofisi zetu mara moja kwa mwaka, tunashukuru.

Meneja hakuwa tayari kushukuru. Akauliza swali ambalo sote tulilijua na tulikuwa tukiomba lisiulizwe: kama breki ndiyo mbovu, kwa nini uzi wa wale wanane ni mzuri?

Mama Breki angeweza kusema hajui. Siku nane zilikuwa zimebaki. "Kwa sababu hawakukutii," akasema. "Walibadilisha bobini mapema. Niliwaona na sikuwazuia, na kama kuna barua ya kuandikwa iandikwe kwangu. Huyu ndiye pekee aliyefanya ulivyosema, Bosi, na ndiye unayetaka kumfukuza."

Hapo Chiriku akalia. Alitoa mkono mmoja akajifuta, akaurudisha alipokuwa ameukalia.

Katika dunia yenye akili hadithi ingekuwa imekwisha. Uamuzi ulitoka Ijumaa iliyopita, na tunaunukuu kwa sababu unastahili kusomwa taratibu: "Kosa halikuthibitika. Mfanyakazi anashauriwa kuwa makini zaidi." Maneno hayo yawekwe kwenye faili lake, kwa miaka yote atakayofanya kazi hapa. Yaani nati zimehesabiwa kwa sauti, mtaalamu amekiri kwa mdomo wake, sweta zimepinda kwa amri iliyobandikwa mlangoni yenye muhuri, na anayeshauriwa kuwa makini ni yule aliyekuwa makini kupita wote! Kosa lisilothibitika linabaki likinuka. Kila atakayelifungua faili hilo atadhani Chiriku aliponea chupuchupu. Na skrubu? Skrubu zibaki na gundi "mpaka utafiti ukamilike."

Mama Breki aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akairudisha mezani, akakataa kusaini makabidhiano.

Meneja amemjia mara tatu wiki hii. Jumatatu alikuja na tabasamu. Jumanne alikuja na ofisa utumishi. Jana alikuja peke yake, amechoka, akavuta kiti kwenye ile meza ya vipuri.

"Mama, keki imeshaagizwa."

"Ileni."

"Watu watasemaje, umeondoka na funguo za karakana?"

"Watasema Mama Breki ameondoka na funguo. Mimi nina miaka sitini, Bosi, wanisemee nini tena kipya? Chiriku ana miaka thelathini na minne. Yake ndiyo yanayoandikwa."

Meneja akauliza anataka nini hasa. Akajibiwa kwamba hataki kuombwa msamaha, hataki hotuba, hataki hata hiyo saa ya ukutani ambayo kila mtu anajua imenunuliwa. Anataka karatasi moja iseme kwamba Chiriku hakukosea, na iseme kilichokosea ni nini.

Aya za hapo juu ziliandikwa asubuhi. Mhariri amelishikilia jarida la karakana, ambamo wasifu huu utachapwa, mpaka sasa, saa nane mchana, na amefanya vizuri. Saa tano na nusu barua mpya ililetwa chumba cha kusokota na Meneja mwenyewe, kwa miguu yake, mbele ya wote tisa. Inasema: "Mfanyakazi hakukosea. Uzi uliharibika kwa sababu ofisi ilifunga breki kwa kipimo kilichochukuliwa kwenye bobini tupu. Barua ya awali imeondolewa kwenye faili." Ina saini na muhuri. Mama Breki aliisoma akiwa amesimama, akampa Chiriku aisome, akasubiri mpaka akaimaliza. Kisha akachukua kalamu ya Meneja, akasaini makabidhiano kwenye goti lake mwenyewe, na kumkabidhi funguo.

Bwana Grafu alikuja baada ya hapo na kisu cha moto kuondoa gundi. Hakutumwa, tunavyojua. Alifungua skrubu sita salama. Tatu, za namba moja, nne na tisa, zilivunjika vichwa, kwa kuwa gundi ile ilikuwa imechaguliwa na watu waliokusudia isitoke. Mashine hizo tatu zimezimwa. Kesho wanaokaa hapo watarudi kwenye magurudumu ya kukanyaga, katika karakana ya kisasa, mpaka vipuri vipatikane. Ofisi imetuhakikishia kwamba maoni yetu kuhusu vipuri yamepokelewa.

Namba sita ilifunguka salama. Chiriku alikaa, akawasha, akasokota kama dakika ishirini hivi, kisha akanyoosha mkono akakaza breki mwenyewe. Hakumtazama mtu kuomba ruhusa. Mama Breki alikuwa mlangoni, akaendelea kufunga vitu vyake kwenye kitambaa.

Mama, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, na zaidi kwa siku hizi nane za mwisho, ambazo ungeweza kuzimaliza umekaa. Uende nyumbani kwa afya, ulale mpaka jua likuchoshe, na baba watoto akupokee vizuri. Maisha yako yawe mema kama uzi wako. Usirudi kutuuliza habari za namba moja, nne na tisa. Skrubu hizo tatu tutazidai sisi.